Maini na figo siku ya tatu kwenye friji: bado vinalika?

Mleta uzi:
Wakuu, nina maini ya ng'ombe kilo moja na nusu na figo mbili, vyote vibichi, leo siku ya tatu kwenye friji. Ini moja lina doa la kijani pembeni, na figo zinanuka mkojo. Nitupe?

KisuButu:
Muda umeshapita, mkuu. Nyama za ndani zikiwa mbichi hukaa siku moja hadi mbili tu, tena friji iwe nyuzi 4 au chini ya hapo. Ini limejaa damu na maji, ndiyo maana huwahi kuharibika kuliko mnofu.

Doa peke yake lisikutishe. Likiwa sehemu moja, pale kifuko cha nyongo kilipokuwa kimeshika, ni nyongo imemwagikia: kata, maana itatia uchungu. Ukijani uliotanda pamoja na utelezi, huo ndio uozo.

Firigisi:
Figo kunuka mkojo kidogo ni kawaida yake. Ipasue katikati, toa ile mishipa myeupe, ndipo unuse. Ikitoa uchachu au harufu ya yai viza, imekwisha.

Ini libonyeze kwa kidole. Likiwa zima, utando wake unang'aa na nyama inarudi. Lililovunda hubaki na shimo, na ukiinua kidole unavuta ute kama mlenda. Majimaji ya damu chini ya bakuli si hoja.

Mleta uzi:
Nikiosha kwa siki harufu ikatoka?

KisuButu:
Utakuwa umejidanganya pua. Siki inaficha harufu tu. Zipo sumu za bakteria zisizovunjika hata ukichemsha, na bakteria wa salmonela wanaweza kuwemo kwenye nyama isiyonuka kabisa. Ndiyo maana tunahesabu siku kwanza, pua baadaye.

Firigisi:
Safari nyingine usioshe kabla ya kuhifadhi, maji yanaongeza unyevu. Pangusa damu, kata vipande vya unene wa sentimita 2, vipange safu moja kwenye mfuko, kamua hewa yote, andika tarehe, weka friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukigandisha donge la kilo nzima, katikati huchelewa kushika barafu. Baada ya miezi 3 au 4 ladha inashuka.

Kuyeyusha ni ndani ya friji, shelfu ya chini kabisa, kwenye bakuli, usiku kucha. Ukiacha mezani, nje inapata joto la kuzalisha bakteria wakati ndani bado jiwe. Kupika, katikati ifike nyuzi 71, ya kuku 74.

Utumbo una utaratibu wake: safisha, chemsha, upoe, ndipo ugandishe.

Mleta uzi:
Nimebonyeza, ute unavutika. Natupa vyote.

KisuButu:
Funga mifuko miwili. Na shelfu ilipochuruzikiwa damu, sugua kwa maji moto na sabuni kabla hujarudisha mboga.