Tunaojifunza Kijapani: maneno gani yanawachanganya? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za muda huu. Sisi wa N5, ngazi ya chini kabisa ya mtihani wa Kijapani, hiragana (herufi zao za kuanzia) tunakariri tu inaisha, kimbembe ni yale maneno mawili ambayo kamusi inakupa maana ileile. Naanza na samui na tsumetai. Zote baridi, ila samui ni ya hewa, ile ya Sapporo, kaskazini mwa Japani, mwezi wa kwanza, tsumetai ni ya kitu unachogusa au kunywa, soda ya kwenye friji hiyo. Haya shusheni.

mama_wawili
Mimi maji jamani. Mizu ni ya baridi au ya kawaida, yakishapata moto yanaitwa oyu, jina lingine kabisa, ukisema atsui mizu, yaani mizu ya moto, watakuelewa ila utaona wanavyotabasamu. Kwenye mchele sasa ndo nilikula raha, wazungu darasani wanahangaika mwenzao natulia zangu, maana mpunga ni ine, mchele kome, wali gohan, kwisha. Ila gohan ni mlo pia, asubuhi hata ukila mkate ni asagohan.

kijana wa Tanga
Kasu na kariru. Sisi "azima" inaenda kotekote, nimeazima kwake, ameniazima. Wenzetu anayetoa anakasu, anayechukua anakariru. Ukitaka kalamu ya mtu sema kashite kudasai, ukisema karite kudasai unamwambia yeye ndo akaazime 😂

Senpai
@kijana wa Tanga bado hujakutana na ageru na kureru. Zote ni kumpa mtu kitu, ila kikija kwangu au kwa mtu wa kwetu ni kureru, kikienda kwa wengine ageru. Tomodachi ga hon o kureta, rafiki kanipa kitabu, neno "mimi" halipo kabisa ila kila mtu kaelewa.

mtu_wa_Nagoya
Kuweni makini na shirimasen, yaani sijui, huku kazini. Mtu anakuuliza wikiendi utafanya nini unamjibu shirimasen, ni kama umemwambia yanakuhusu nini. Sema mada wakarimasen, bado sijajua, mambo yanaenda.

mama_wawili
Na aru na iru je, zote si "kuwepo"? Mtu na paka iru, meza aru, sawa. Mti nao una uhai lakini ni aru

Senpai
Mti hautembei dada, kariri hivyohivyo