Tupeane uzoefu: ukichanganya kitambaa na rangi, karatasi, kutu au waya, nini hutangulia?

Viraka (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za kazi. Maswali yanayorudi kila mara ni yaleyale: mbona rangi imebanduka, mbona karatasi imechanika palepale kwenye mshono, mbona uzi umebaki mweupe ilhali kitambaa kizima kimeshika rangi. Kwangu mimi karibu yote hayo ni swali moja, nini kilitangulia. Rangi ya akriliki ina masharti yake, karatasi ina yake, kutu ina yake, na kinachoingia cha pili kinakuta masharti ya kilichotangulia. Basi kila mtu alete alichofanya, kwa mpangilio alioufuata, na kilichotokea. Picha za kazi zilizokamilika tunazo tele. Tunachokosa ni hatua.

Naanza mwenyewe. Kazi zangu nyingi ni akriliki juu ya pamba, halafu mishono ya mkono. Akriliki ikikauka ni plastiki, hilo mtu asijidanganye. Ukiipaka nzito kisha ukaja na sindano, unasikia kabisa inavyotoboa, na tundu likishatoboka halijifungi tena kama lingejifunga kwenye pamba tupu. Kwa hiyo sehemu nitakayoijaza mishono naipaka rangi niliyoizimua, kitambaa kikiwa bado kibichi, ili rangi izame kwenye nyuzi badala ya kukaa juu. Rangi nzito naiacha mwisho kabisa, uzi wote ukishaingia.

Kuna kitu kimoja kizuri kinachopatikana kwa mpangilio huo. Jaza eneo vishono vifupifupi vinavyoelekea kila upande, uzi mweupe juu ya kitambaa cheusi. Kisha chukua brashi pana, kavu, yenye rangi kidogo sana hadi ukiipitisha kwenye karatasi inaacha mikwaruzo tu. Ipitishe juu ya mishono bila kukandamiza. Rangi inashika mgongo wa kila kishono na kuacha kitambaa cha chini kilivyo. Ukitaka kuona vizuri, inamisha kazi kwenye mwanga wa dirisha.

Na pasi, tafadhali, isiguse akriliki bila karatasi ya kuokea katikati. Akriliki hulainika kwa joto na itakwenda na pasi.

Bibi Bobini

Asante kwa mada, mwanangu. Mimi ni wa cherehani, na nitasema la karatasi, maana wengi wanaikimbia baada ya jaribio la kwanza.

Karatasi haichaniki kwa sababu ni dhaifu. Inachanika kwa sababu mmeitoboa matundu yaliyobanana, ikawa kama karatasi ya stempu, inasubiri tu mtu avute. Refusheni mshono. Mimi naweka milimita 3.5 hadi 4. Msirudi nyuma kufunga mshono, acheni ncha ndefu za uzi mzifunge kwa mkono upande wa chini. Sindano ya karatasi itengeni, maana karatasi hula makali ya sindano, na sindano butu ikirudi kwenye hariri mtaona nyuzi zinavyovutika.

Lakini mimi karatasi tupu siishoni mara nyingi, naifanya kitambaa kwanza. Tandaza plastiki mezani, weka pamba nyepesi juu yake. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji, nusu kwa nusu, pitisha brashi pana mpaka pamba ilowe. Panga vipande vya karatasi, paka tena juu yake, na ukitaka funika na karatasi ile laini ya kufungia zawadi, ambayo ikilowa inaangaza na picha za chini zinaonekana. Usiguse mpaka kesho. Ikikauka inabanduka kwenye plastiki yenyewe, imekuwa kitu kimoja, inakunjika, inashoneka hata kwa mshono mfupi kidogo. Rangi ya majimaji naipaka baada ya hapo.

Gazeti nalipenda kwa macho lakini lina lignini ya mbao, linageuka manjano na kuwa kavu kadiri mwanga unavyolipiga. Anayetaka kazi ikae atumie karatasi isiyo na asidi. Anayetaka igeuke, ndiyo hivyo, ni sehemu ya kazi.

Fundi Kimya

Mchango mfupi. Kabla ya yote jueni kitambaa ni cha nini. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya sinki, washa. Pamba inaungua haraka, inanuka karatasi, majivu mepesi. Sufu na hariri zinanuka nywele zilizoungua na moto hujizimia. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kikiwa mchanganyiko utapata harufu ya karatasi na kidonge pamoja. Nimemaliza.

Uzi Mmoja

Fundi Kimya umenigusa, maana hilo ndilo jibu la swali la uzi mweupe. Rangi za unga za Procion MX, zile zilizoingia sokoni mwaka 1956 kutoka kampuni ya ICI ya Uingereza, zinaungana kikemia na nyuzi za mimea zikiwekewa magadi. Poliesta haina kitu cha kuungana nazo. Uzi mwingi wa cherehani ni poliesta. Kwa hiyo ukishona kwanza ukatia rangi baadaye, mshono unabaki mweupe.

Mimi huo ndio mtaji wangu. Nashona mchoro wote kwa uzi wa poliesta na uzi wa pamba kwa zamu, vyote vyeupe, huwezi kutofautisha ukitazama. Nikitia kwenye rangi, mistari ya pamba inazama ndani ya kitambaa na ya poliesta inajitokeza. Mchoro unaonekana baada ya suuza ya kwanza. Unga wa rangi hizi msiuvute puani, vaeni barakoa mpaka umelowa.

Rangi Mbichi

Shikamoo Bibi Bobini. Ile ya gundi nusu kwa nusu naichukua.

Mimi nafanya picha za jua, sianotaipu, zile za bluu. Mbinu yenyewe ni ya zamani, John Herschel aliibuni mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins alianza kuitumia kutoa picha za mwani. Unachanganya dawa mbili zenye chuma, feri amonia sitreti na potasiamu feriksianidi, unapaka pamba kwenye chumba chenye giza, ikikauka unapanga majani juu yake, unakandamiza kwa kioo, unapeleka juani. Ukisuuza kwa maji, palipofunikwa panabaki peupe.

Sasa kuhusu mpangilio. Bluu hii haipatani na magadi. Magadi huila. Na rangi za Procion alizotaja Uzi Mmoja haziwezi kushika pamba bila magadi. Kwa hiyo mtu akitaka majani ya bluu juu ya kitambaa cha manjano, hana njia mbili: anatia manjano kwanza, anasuuza mpaka magadi yote yaishe, anakausha, ndipo anapaka dawa ya picha. Sabuni ya kufulia ya unga nayo nyingi ina magadi, kwa hiyo kazi hizi haziingii kwenye mashine ya kufulia. Sabuni laini isiyo na magadi, maji baridi, basi.

Ila adui huyu nimemfanya msaidizi. Nayeyusha magadi kidogo kwenye maji, nachovya brashi nyembamba, nachora juu ya bluu. Ukitazama kwa karibu unaona bluu inakwenda zambarau kidogo, kisha manjano hafifu, halafu unawahi kusuuza pale unapotaka ikomee. Hapo hapo ukikitia kitambaa kwenye chai nzito isiyo na maziwa, ule umanjano unageuka kahawia, wakati mwingine karibu nyeusi, kwa sababu tanini, ule ukakasi wa chai, inashikana na chuma kilichobaki kwenye nyuzi. Unapata bluu, kahawia na nyeupe kwenye kipande kimoja bila kufungua kopo la rangi.

Uzi naupeleka mwisho kabisa, na huwa ni mwekundu. Sijui kwa nini, lakini bluu ile inautaka.

Mkasi Mkali

Naheshimu michango yote ila naomba nipinge kidogo. Mnapenda gundi mno. Kitambaa kina kitu kimoja ambacho turubai iliyobanwa kwenye fremu haina: kinashuka, kinapumua, kinajikunja kwa uzito wake. Ukikijaza gundi na akriliki tabaka juu ya tabaka umepata ubao. Ubao si kitu kibaya, ila kwa nini basi usianze na ubao?

Mimi sheria yangu ni uzi kwanza, gundi ikishindikana kabisa. Waya wa shaba ule mwembamba, vipande vya majani makavu, kamba nene, hata vipande vya plastiki vinavyong'aa, vyote vinashikika kwa mbinu moja: unalaza kitu juu ya kitambaa, kisha unakivukia kwa kishono cha uzi mwembamba kila baada ya sentimita moja hivi. Kitu ulicholaza hakipiti kwenye kitambaa, kinakaa juu kama mfalme, uzi mwembamba ndio unaofanya kazi. Waya ukiushikiza hivyo unaweza kuukunja baadaye na kitambaa kinafuata umbo. Gundi isingekuruhusu. Mwisho wa waya ukunjeni kitanzi, usije ukatoboa kitambaa kikining'inizwa.

Anayedhani huwezi kuchanganya rangi nzito na kitambaa bila kuua kitambaa amtazame Faith Ringgold wa Marekani. Alichora kwa akriliki juu ya turubai laini isiyo na fremu, akazungushia pindo za vitambaa vilivyoungwa, kazi ikaning'inia kama mfarishi, lile tandiko la tabaka zilizoshonwa pamoja. Mfarishi wake wa kwanza aliushona na mama yake, mshonaji, mwaka 1980. Rangi ilikuwa na eneo lake na kitambaa kilikuwa na lake.

Halafu kuning'iniza. Kata kitambaa cha chini mtande ukiwa wima, yaani ule uelekeo unaokwenda sambamba na ukingo wa jora. Mtande hauvutiki sana kwa urefu. Ukikata mshazari, kazi yenye shanga na waya itarefuka taratibu na kupinda kona ya chini. Nyuma shona mfereji wa kupitishia fimbo, upana wote, ili uzito ugawanyike.

Viraka

Mkasi Mkali, umekuja na makali kweli. Nakubali kuhusu mtande. Kuhusu gundi tutakutana mbele.

Kutu Tupu

Nimekuwa nikisoma kimya, jina langu linanilazimisha kuandika.

Mimi natia kitambaa rangi kwa kutu: misumari, nyororo, vifuniko vya makopo, chochote cha chuma kinachokubali kutu. Lowesha pamba kwa maji na siki nusu kwa nusu, zungushia chuma, funga kwa uzi, tia kwenye mfuko wa plastiki usiofungwa kabisa ili hewa iingie. Siku moja au mbili zinatosha. Hewa na unyevu ndivyo vinavyofanya kazi, kwa hiyo ukikizamisha ndani ya maji hutapata kitu. Palipokazwa sana na uzi panabaki alama kali, palipolegea panatoka vumbi la rangi ya chungwa. Ukimaliza suuza kwenye maji yenye soda ya kuokea kuua asidi, kisha sabuni.

Kwa mujibu wa mada: kutu hutangulia kila kitu. Kwanza, kwa sababu ya usuuzaji wote huo. Pili, kitambaa chenye kutu kina chembe ngumu zinazokwaruza sindano, kwa hiyo unataka kiwe kimeoshwa vizuri. Tatu, na hili watu hawalisemi, chuma kinaendelea kuila pamba polepole hata baada ya kuoshwa. Nguo kuukuu zilizotiwa rangi nyeusi ya chuma na tanini zinamomonyoka palepale penye weusi, wahifadhi wa makumbusho wanalijua vizuri. Mimi naweka kitambaa kingine imara nyuma yake na kupitisha mishono iliyosambaa eneo lote, ili kikija kudhoofika kiwe kimeshikwa.

Uzi Mmoja

Kutu Tupu, na kwenye hariri?

Kutu Tupu

Inashika haraka kuliko pamba na rangi inakuwa nzito. Punguza siki na uwe unachungulia kila baada ya saa chache.

Mgeni wa Sindano

Wakuu nisaidieni, mimi ni mpya. Nina sufu ambayo haijasokotwa na kitambaa chepesi cha hariri. Nataka sufu iingie kwenye hariri bila kushona. Nimesoma inawezekana kwa maji moto na sabuni ila yangu inabanduka ikikauka.

Rangi Mbichi

Karibu. Angalia vitu viwili. Cha kwanza ni hariri yenyewe, iinue kwenye mwanga: kama huoni upenyo kati ya mtande na mshindio (nyuzi zinazoukata mtande kwa upana), nyuzi za sufu hazina pa kupita. Unataka ile nyepesi iliyofumwa kwa nafasi. Cha pili ni sufu. Ikiwa imetengenezwa ili ioshwe kwa mashine bila kuruka, magamba yake, yale madogo yanayofanya nyuzi zishikane, yameshalainishwa au kufunikwa na haitaganda hata ukiisugua hadi jioni. Na "sufu" nyingine ni nyuzi za plastiki ya akriliki tu, ichome kama alivyosema Fundi Kimya.

Anza na maji ya uvuguvugu, sugua taratibu kwa kiganja bila kuvuta. Geuza upande wa hariri: ukiona vinyweleo vya sufu vimetokeza huku, na ukibana hariri kwa kucha sufu inainuka nayo, hapo sasa ongeza moto na nguvu, viringisha na taulo. Sufu itaruka na hariri itajikunja mikunjo midogomidogo. Ukiongeza moto mapema sufu inajigandia yenyewe juu, na hariri inabaki peke yake chini.

Bibi Bobini

Marahaba Rangi Mbichi, na umemjibu vizuri. Mgeni, kata vipande vidogo vya hariri hiyo, kila kimoja ukiandike kwa kalamu isiyofutika ulichokifanya na kwa mpangilio gani, uvitoboe kona na kuvifunga pamoja kwa uzi. Ukishapata matokeo ya kwanza yalete hapa, yawe mazuri au mabaya, tuone upande wa nyuma pia.