Google Scholar inatoa h ya 24, Scopus 17: tuandike ipi kwenye faili?

Mwl. Protini
Wakuu, habari za kazi. Tuna faili la kupandishwa cheo la mtafiti wa baiolojia ya molekuli na biofizikia, makala 41. Google Scholar inampa h ya 24 (yaani makala 24 ambazo kila moja imetajwa na wengine, ndiyo nukuu, angalau mara 24), kanzidata ya Scopus 17. Makala yake moja, ya mbinu ya kusafisha protini, imebeba zaidi ya nusu ya nukuu zote. Iandikwe namba ipi? Na hiyo makala moja inamsaidia au inamharibia?

Mkutubi wa Pwani
Andika zote mbili, kila moja na jina la kanzidata na tarehe uliyoisoma. Google Scholar huokota nukuu hata kwenye tasnifu, ripoti na rasimu za bioRxiv, tovuti ya makala ambazo bado hazijapitiwa na jarida. Scopus huhesabu kutoka machapisho iliyoyachuja yenyewe. Ndiyo maana hazilingani.

Ila kwanza safisha wasifu wake. Kwenye Google Scholar tafuta makala zilizojitokeza mara mbili, kwa kawaida rasimu na toleo la jarida. Weka tiki zote mbili, kisha bonyeza kitufe cha kuunganisha. Rasimu ikiwa na nukuu 26 na toleo la jarida 30, zote zimeingia kwenye ile 24 kama kazi mbili. Ukiziunganisha, h inaweza kushuka hadi 23. Acha ishuke, jopo likigundua lenyewe ni vibaya zaidi. Halafu zima uongezaji wa makala wa moja kwa moja, la sivyo atabebeshwa kazi za mtu wa majina yanayofanana na yake.

Scopus ugonjwa wake ni kinyume: humgawa mtu mmoja. Majina yetu matatu ndiyo chanzo, jarida hili linachukua jina la baba kama la ukoo, lile la babu. Tafuta kwa kila mpangilio wa majina, na ukikuta wasifu mbili omba ziunganishwe kupitia fomu yao ya marekebisho. Kisha zifungwe na ORCID yake, namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti. Ina tarakimu 16, na ya mwisho huweza kuwa X; usiifute ukidhani ni kosa la uchapaji.

Jeli na Bafa
Makala ya mbinu haimharibii hata kidogo. Katika fani hii ndizo zinazonukuliwa kuliko zote. Ile ya Lowry na wenzake ya 1951, ya kupima kiasi cha protini, imepita nukuu 300,000. Ya Laemmli ya 1970, ya jeli za kutenganisha protini, imepita 200,000. Jarida la Nature lilipotoa orodha ya makala 100 zilizonukuliwa zaidi mwaka 2014, ya Watson na Crick kuhusu umbo la DNA haikuwemo. Watu hunukuu wanachokitumia maabara. Ugunduzi ukishazama kwenye vitabu vya kiada, hautajwi tena kwa chanzo.

Tatizo ni kwamba h haiuoni uzito wa makala yake hiyo ya mbinu. Hirsch, aliyeibuni h, alivyoiweka mwaka 2005, unapanga makala kuanzia yenye nukuu nyingi na kushuka hadi pale nafasi inapoizidi idadi ya nukuu; nafasi ya mwisho kabla ya hapo ndiyo h. Mwenye 480, 30, 12, 9, 5, 5 ana h ya 5. Badilisha 480 iwe 48, bado 5. Kwa hiyo toa jumla mbili za nukuu, pamoja na makala ile na bila yake, na sentensi moja ya nani wanaitumia mbinu hiyo.

Kama ameweka maumbo ya protini kwenye Protein Data Bank, hifadhi ya wazi ya maumbo hayo, orodhesha namba zake. Wengi hutaja namba ya umbo tu ndani ya maandishi bila kunukuu makala yake, na nukuu hiyo hupotea.

Mwl. Protini
Asanteni sana. Na nafasi ya jina lake kwenye makala?

Mkutubi wa Pwani
Weka safu yake kwenye jedwali. Wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya majaribio, wa mwisho ndiye kiongozi wa maabara. Mwandishi anayepokea mawasiliano kuhusu makala mtaje kando. Makala yenye waandishi 60 ambayo yeye ni wa 33 ihesabike, ila alichokifanya kiandikwe. Na Scopus inakuruhusu kuondoa nukuu za kujinukuu: toa namba hiyo pia, jopo huiulizia.