Mbwa wa jirani kamng'ata mdogo wangu, Ilazo: tumalize mtaani, twende polisi au mahakamani?

Mwana wa Ilazo
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anatembeza mboga. Ukiwa unaishi Ilazo au Kisasa, hapa Dodoma, huenda umeshanunua mlenda kwake. Juzi kapita nje ya nyumba moja, geti liko wazi, mbwa katoka na kumdaka shavu la mguu. Daktari kasafisha ila hakushona, kasema jeraha la mbwa mara nyingi huachwa wazi. Chanjo ya kichaa cha mbwa kaanza na kila dozi tunalipia wenyewe. Mwenye mbwa kaleta 20,000 "ya soda", kisha anadai dogo ndiye aliyemchokoza mbwa kwa kupiga kelele za biashara.

Naona njia tatu: mwenyekiti wa mtaa, polisi, au kumdai mahakamani. Waliopitia, ipi inalipa kweli? Hela ya wakili hatuna.

Nesi Makulu
Pole sana kaka. Naomba nianze na uhai, hela itafuata. Jeraha lilioshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15? Kama bado halijapona, osheni hata sasa. Chanjo akamilishe zote kwa tarehe zilizo kwenye kadi, asije akaacha kwa kuwa mguu umekauka. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza hakuna dawa.

Mbwa asiuawe wala asihamishwe. Afungwe, aangaliwe siku 10. Mwiteni afisa mifugo wa kata aje amwone na aombe kadi yake ya chanjo. Mbwa akifa au akianza kubadilika ndani ya siku hizo, rudini hospitali siku hiyohiyo.

Babu wa Kikuyu
Mbukwenyi! Mimi nasema mtaani. Huyo ni jirani, kesho mtakutana msibani. Kwetu hapa mbwa alimng'ata mtoto wa mpangaji, tukakaa kwa mwenyekiti, balozi wa nyumba kumi akiwepo. Mwenye mbwa akalipa matibabu yote na akajenga ukuta. Mahakamani wangekuwa bado wanapanga tarehe.

Ila iandikwe, mwanangu. Maneno ya mdomo yanaishia mlangoni. Karatasi iseme mbwa ni wa nani, alimng'ata nani, lini na wapi, analipa kiasi gani na kwa tarehe zipi. Watie sahihi wote na mashahidi, muhuri wa mtaa ugongwe.

Bajaji Nkuhungu
Babu heshima yako, lakini mtu anayekupa 20,000 ya soda huyo si wa kikao. Mimi niling'atwa nikiwa kazini, nikaenda kituoni nikachukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Ile fomu haiuzwi, mtu asikudanganye. Daktari akajaza, nikarudisha. Mwenye mbwa alipoitwa tu kituoni akaanza kuniita "kaka". Akalipa nusu. Baada ya hapo jalada likalala, kila nikienda mpelelezi yuko safari.

Kwa hiyo polisi inatisha vizuri, kulipa ni habari nyingine.

Mama Two
Si mwende Mahakama ya Mwanzo tu? Iko karibu, haina mambo ya mawakili, unajieleza Kiswahili chako unamaliza.

Karani Mstaafu
Mama Two, hapo watu wengi wanapotea, nikae kidogo nieleze.

Mahakama ya Mwanzo kwenye madai husikiliza mambo ya mila na ya dini ya Kiislamu, na madeni ya aina zilizotajwa na sheria, kama ya mkataba. Kudai fidia kwa sababu mtu alizembea na mbwa wake si deni la mkataba, ni sheria ya madhara. Hiyo ipeleke Mahakama ya Wilaya. Ukiifungua Mwanzo unaweza kushinda vizuri kabisa, halafu mwenzako akakata rufaa na hukumu yote ikafutwa kwa kuwa mahakama haikuwa na mamlaka. Unaanza upya, muda umekwenda. Na muda una mwisho: madai ya namna hii ni miaka 3 tangu tukio, kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89.

Ya polisi ni jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamgusa mtu anayeacha kuchukua tahadhari kwa mnyama wake mwenye kuleta hatari. Akitiwa hatiani mahakama inaweza pia kuamuru amlipe aliyeumia. Lakini kesi hiyo ni ya Jamhuri, dogo anakuwa shahidi tu. Haamui iende kasi gani. Alichosema Bajaji ndicho nilichokiona miaka yote.

Sasa fidia yenyewe. Hakimu ataigawa mara mbili. Kuna fidia mahususi, yaani hela iliyokutoka: chanjo, dawa, nauli za kwenda kliniki. Hiyo huthibitishwa shilingi kwa shilingi, bila risiti hupati. Halafu kuna fidia ya jumla ya maumivu, kovu na usumbufu, ambayo hakimu anaipima mwenyewe. Kipato cha mboga ndicho kigumu. Dogo hana daftari? Aandike sasa ananunua wapi kila asubuhi na kwa kiasi gani, na yule anayemuuzia jumla awe tayari kusimama kama shahidi. Miamala ya simu nayo ichapishwe.

Jambo moja la kuangalia leo kabla hawajaking'oa: getini kuna kibao cha "MBWA MKALI"? Piga picha. Wenye nyumba wanadhani kibao ni kinga, kumbe kinamfunga mwenyewe. Kinaonyesha alijua mbwa wake ni mkali na bado akaacha geti wazi. Tafuteni pia mtu mwingine wa mtaa aliyewahi kukimbizwa na mbwa huyo. Hilo la "alimchokoza" lisipuuzwe, maana likithibitika hakimu anaweza kupunguza fidia. Kuita wateja barabarani, kwa maoni yangu, si uchokozi.

Mwana wa Ilazo
Kibao kipo mkuu! Rangi nyekundu kabisa. Nimeshapiga picha na geti lenyewe likiwa wazi tena.

Msaidizi wa Kata
Kuhusu wakili: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure. Hawatasimama mahakamani badala yako, ila watakusaidia kuandika notisi ya madai, kupanga vielelezo na kujua mlango sahihi. Uliza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, anawajua. Kampeni ya Mama Samia ya msaada wa kisheria iliyoanza 2023 nayo ikipita kwenu msiikose.

Na Bajaji, kama ulikuwa umeajiriwa siku ile na siyo chombo chako, ungemwambia mwajiri. Kuumia kazini kunaangukia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hata kama kilichokuumiza ni mbwa wa mtu mwingine. Dogo wa mboga hana mwajiri, kwake hiyo haipo.

Mrangi wa Kondoa
Nyie mna mwenye mbwa wa kumdai. Huku tembo akikuumiza utamshitaki nani? Tunajaziwa fomu ya kifuta machozi, na jina lenyewe linajieleza, Serikali haisemi ni fidia. Unaanzia kwa mtendaji wa kijiji, anakuja afisa wanyamapori kuhakiki, halafu unasubiri. Shukuru mbwa ana geti.

Babu wa Kikuyu
Karani kaeleza vizuri. Bado nasema kikao kwanza, ila muende na karatasi zote mkononi. Mtu akiona PF3, risiti na picha ya kibao chake mezani, adabu inamjia yenyewe.

Karani Mstaafu
Hapo tunakubaliana Babu. Sharti langu ni moja: asitie sahihi maneno ya "nimelipwa yote, sitadai tena" kabla dozi hazijaisha na kidonda hakijafunga. Mkilipwa sehemu, andikeni ni sehemu. Na ile 20,000 iandikwe ilipokelewa kama sehemu ya matibabu, asije akasema ndiyo yalikuwa makubaliano.

Mwana wa Ilazo
Nimewaelewa wakuu. PF3 tunayo tangu siku ya kwanza, hospitali waliidai. Mwenyekiti kapanga kikao Jumamosi saa 4 asubuhi na kamwandikia jamaa barua ya wito. Asipotokea, nachukua nakala ya barua hiyo pamoja na risiti nampelekea msaidizi wa kisheria atuandikie notisi, tuelekee Wilaya. Nesi, mbwa bado mzima, anakula na kubweka. Afisa mifugo kasema atapita tena siku ya 10. Kadi ya chanjo ya mbwa hadi leo inatafutwa.