Madalali wa Arusha, neno "self" mmelifanyaje?

Wakuu habari za jioni, nina hasira hapa sijui nianzie wapi. Natafuta chumba self, yaani chenye choo na bafu ndani, wiki ya pili sasa. Juzi dalali ananipigia, "kaka kuna self kali Sakina, laki na ishirini, wahi kuna watu wawili wanaitaka". Nimetoka kazini Njiro, nimepanda vifodi viwili, nafika giza linaingia na kale kabaridi ketu, nikatoa elfu kumi ya kuonyeshwa.

Chumba kizuri kweli, tailizi, dirisha la aluminiamu. Nauliza choo kiko wapi, jamaa ananipeleka koridoni mlango wa mwisho, na hapohapo anatoka mama mmoja na beseni la nguo, kanisalimia vizuri tu. Nikamuuliza dalali, self iko wapi sasa? "Si choo kiko ndani ya nyumba kaka, hutoki nje, halafu mnatumia wawili tu." Wawili TU!

Jamani neno lenyewe zima ni self-contained, na huko Uingereza nyumba ikiitwa hivyo ina choo, bafu, jiko lake na mlango wake wa kuingilia, hugawani na mtu. Sisi tukalipokea tukalikata mkia, jiko tukalisamehe, tukabaki na choo na bafu ndani ya chumba chako. Sawa, hiyo sina ugomvi nayo, hata gesti unaulizwa unataka self au cha kawaida na mnaelewana bila dikshenari. Sasa hicho kidogo kilichobaki nacho mnakitoa, self inabaki na nini, kitasa?

Mwingine wa Kwa Mrombo kaniambia chumba chake ni self kwa sababu LUKU ya umeme najitegemea. Nikamwambia basi na hela yako ya kuonyeshwa ni self, inajitegemea, isubiri itakuja yenyewe. Kakata simu.

(Masta ndo sitaki hata kuigusa, Kiingereza ni chumba kikuu cha nyumba, hapa wapangaji nane kila mmoja ana masta yake.)

Elfu kumi yangu hairudi najua, kashaniblock. Mwenye chumba chenye choo NDANI, Sakina au Ngaramtoni, aweke hapa, ila asiandike self, aandike ni hatua ngapi toka kitandani mpaka chooni na njiani nakutana na nani.