Kadi ya gari bado haijatoka (gumzo la ukoo)

JUMATATU USIKU

Mwanaisha: Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Jamani naomba ushauri maana nimechoka. Leo wiki ya 4 tangu nipeleke makaratasi ya gari ofisi ya usajili wa magari na kadi haijatoka, kila nikiingia kwenye mtandao wao nakuta maneno yaleyale ombi lako linashughulikiwa, nikipiga simu nasubiri dakika 40 halafu inakata. Pleti za muda zinaisha ijumaa na mi wiki ijayo naingia zamu ya usiku

Mama: Pole mwanangu. Si ulisema umelipa kila kitu?

Mwanaisha: Nimelipa mama, risiti ninazo zote. Bima nalipa tangu siku niliyolinunua

Shangazi Tatu: Marahaba mwanangu. Kwani huko hakuna mtu wa kumwona akakusukumia? Mpe kitu kidogo mambo yaende

Anko Idi: Tatu hilo usimshauri mtoto. Yuko nchi ya watu, kibali cha kuishi ndo uhai wake pale, akiingia kwenye kesi ya rushwa kibali kinaondoka na yeye anaondoka. Tusilirudie

Shangazi Tatu: Sawa kaka nimekuelewa. Nimesema kwa uchungu tu kumwona anahangaika

Baraka: dada pole sana. mi nilivyofika huku Ujerumani nilikwama wiki mbili kwa sababu ya jina. Huku bima wanakupa namba fupi ya herufi na tarakimu 7 inaitwa eVB, ofisi wakiiingiza kwenye mfumo ndo wanaona gari lina bima, sasa yangu ilikuwa sahihi kabisa ila bima walinisajili jina la babu mbele jina langu nyuma, kwao tukawa watu wawili. Sisi wenye majina matatu tunapata sana hiyo shida. Anza na majina

Neema: Shikamoo anko, shikamoo mama, shikamoo shangazi. Mwana angalia na tarehe pia!! Huku Japani kabla ya kusajili polisi wanataka uthibitishe una sehemu ya kulaza gari na iwe ndani ya kilomita 2 kutoka unapoishi, na kama gari si yale madogo kabisa unatakiwa uwe na cheti cha muhuri wako (huku muhuri ndo kama sahihi) ambacho hakijapita miezi 3 tangu kitolewe. Mi nimesubiri cheti cha parking, kimetoka, naenda kusajili naambiwa cha muhuri kimepitwa siku 4. Kwa hiyo unaweza ukawa umepeleka karatasi zikiwa nzima halafu zikafia mezani kwao

Anko Idi: Marahaba Neema. Hilo la tarehe ni la kweli kabisa

Mwanaisha: Ngoja niangalie

Mwanaisha: Tarehe ziko sawa zote, ukaguzi bado una miezi 7 mbele. Ila kweli kwenye bima jina la kati hawajaweka!! Pasipoti ina matatu, kibali cha kuishi kina matatu, bima mawili. Nawapigia kesho asubuhi. Nipige picha karatasi zote niwatumie humu muone?

Anko Idi: HAPANA. Usitume humu. Tuko watu 43 kwenye hiki kikundi na simu zinaibiwa kila siku. Nitumie mimi peke yangu, na namba ya pasipoti uifunike kwa kidole kabla hujapiga

Mama: Asante kaka


JUMANNE JIONI

Mwanaisha: Bima wamerekebisha jina leoleo, wamenitumia karatasi mpya na nimeipandisha kwenye mtandao wa ile ofisi. Nikasema basi yameisha. Saa tisa imeili imeingia, wanasema ombi haliwezi kuendelea, taarifa za gari hazijathibitishwa. Mstari mmoja tu hawasemi taarifa ipi. Jamani nimelia

Neema: Jamani Mwana. Pole my dia, usilie peke yako nipigie

Hamisi: kwani si uendeshe tu na risiti? risiti si inaonyesha umelipa. Na jumamosi si ulikuwa uvuke mpaka uende kwa Baraka

Baraka: Hamisi hapana bana. Risiti ni ushahidi umelipa, haisemi gari ni la nani. Na kuvuka mpaka ndo kabisa, pleti za muda nchi ya pili wanaweza wasizitambue. Mwana usije, nitakuja mimi na treni

Anko Idi: Baraka yuko sahihi. Mkataba wa Vienna wa 1968 wa usalama barabarani unataka dereva anayeingia nchi nyingine awe na cheti halali cha usajili wa gari mkononi. Cheti chenyewe sio ahadi ya cheti

Anko Idi: Sasa Mwanaisha hebu isome tena ile imeili. Wameandika taarifa za gari au za mmiliki?

Mwanaisha: Za gari

Anko Idi: Basi jina halikuwa ndo tatizo, japo umefanya vizuri kulirekebisha maana lingekuja kukuuma mbele. Nisikilize. Mi nimetoa magari bandarini miaka 19 na ukiniuliza kuchelewa kunatoka wapi nakwambia mara nyingi hamna mtu amekaa juu ya faili lako kwa roho mbaya, kuna karatasi mbili zinabishana na karani hana ruhusa ya kuamua ipi inasema kweli kwa hiyo analiweka pembeni anashika lingine. Inaweza kuwa aliyekuuzia alikuwa na mkopo na benki bado wameandikwa kwenye gari. Inaweza kuwa ushuru wa forodha haujafungwa kama liliingia kutoka nje. Inaweza kuwa mwaka wa kutengenezwa au hata rangi, gari limepakwa rangi nyingine na kadi inasema nyeupe. Ila mi ya kwanza kuangalia siku zote ni namba ya chasis. Una tochi?

Mwanaisha: Ninayo ya simu

Anko Idi: Shuka uende lilipo gari. Usisome kwenye karatasi yoyote. Ipo chini ya kioo cha mbele upande mmoja unaiona ukiwa nje, na mara nyingi iko pia kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Isome herufi moja moja, uandike kwenye karatasi tupu

Shangazi Tatu: Giza hili mwanangu vaa kitu cha baridi

Neema: Anko, zile gari zilizotengenezwa kwa soko la huku Japani lenyewe si namba yake ni fupi? ya kwangu haifiki 17

Anko Idi: Fupi ndio, ina na kistari katikati. Na hilo linakwamisha watu wengi sana, fomu za nchi nyingi zimewekewa nafasi 17 na zinakataa pungufu, mtu anaanza kujazia sifuri mbele mpaka zitimie 17. Kosa kubwa hilo. Namba haijazwi haipunguzwi, kama fomu inakataa unaenda dirishani waingize wenyewe. Lakini la Mwanaisha halikutoka huko, lake litakuwa na 17

Mwanaisha: Nimerudi. Zipo 17, nimehesabu mara mbili, kioo na mlango zinafanana. Kadi ya zamani ya aliyeniuzia inafanana na gari. Mkataba wa mauziano nao unafan

Mwanaisha: Subirini

Mwanaisha: Ya 12. Kwenye gari ni sifuri. Kwenye mkataba ameandika kwa mkono na ni O, O kama ya Omari, ina na kile kimkia juu

Anko Idi: Umeipata. Namba ya chasis ya 17 haina herufi O hata siku moja. Haina I, haina O, haina Q. Waliopanga utaratibu wa kimataifa wamezitoa makusudi zisichanganywe na 0 na 1. Ukiona O humo ujue ni kosa la mkono wa mtu

Baraka: Mwana na kwenye fomu ya maombi uliandika nini

Mwanaisha: O. Nilinakili kutoka kwenye mkataba. Sikushuka kwenda kuangalia kwenye gari

Baraka: na bima?

Mwanaisha: Bima niliwatumia hiyohiyo ya kwenye fomu. Ya Mungu. Kwa hiyo wiki nne nimelipia bima ya gari ambalo halipo?

Mama: Mwanaisha umeliendesha?

Mwanaisha: Mara mbili mama. Kazini na kurudi

Mama: Alhamdulillah hukupata jambo

Anko Idi: Tulia. Bima inaweza kurekebishwa na waandike kuwa ni tangu siku ya kwanza, ila mpaka wakupe hiyo karatasi funguo isiguswe. Sikuogopeshi mwanangu, ukigonga mtu leo watakuuliza gari lenye O liko wapi. Kesho bima kwanza kabla ya hiyo ofisi. Halafu mtafute aliyekuuzia muandike mkataba MPYA, msifute kwa kalamu juu ya ule wa zamani maana karatasi iliyofutwafutwa ndo inazaa maswali, muandike tarehe ileile ya mauziano na chini muweke tarehe ya kurekebisha na sahihi zenu wote wawili. Ule wa zamani uuambatanishe, usiuchane

Mwanaisha: Sawa anko. Asante sana anko sijui niseme nini

Anko Idi: Kalale


ALHAMISI

Mwanaisha: Shikamooni. Bima wametoa barua inasema namba imesahihishwa na kinga inahesabika tangu siku ya kwanza. Nimeisoma mara tatu. Aliyeniuzia nilidhani atasumbua, amekuja mpaka kituo cha basi baada ya kazi yake, ameomba radhi, tumeandika upya tukasaini hapohapo kwenye benchi. Alisema na yeye alinakili kutoka kwenye karatasi yake mwenyewe aliyoandika zamani

Shangazi Tatu: Mungu ambariki huyo mtu. Wengine ukishawapa hela namba ya simu haipatikani tena

Neema: Kweli kabisa, ndo maana namba ya muuzaji na anwani yake uwe nazo mpaka kadi itoke mkononi kwako

Baraka: Kesho ukienda usiishie kukabidhi tu. Omba wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala YAKO wenye tarehe, kama hawana muhuri muombe akutumie imeili palepale ukiwa umesimama. Na uulize pleti za muda kama zinaongezwa, huku kwetu za muda mfupi ni siku 5 na haziongezwi unaomba nyingine mpya, huko uliko sijui wanafanyaje uliza kwa heshima tu


IJUMAA MCHANA

Mwanaisha: Nimetoka ofisini sasa hivi. Nimechukua namba saa mbili kasoro nimeitwa saa tano. Yule dada wa dirishani ni mpole kweli, amefungua faili akasema mbona tulikuandikia

Mama: Walikuandikia lini?

Mwanaisha: Wiki ya pili mama. Walituma barua ya posta inaeleza kila kitu, namba hazifanani, leta uthibitisho. Ila imeenda kwenye anwani iliyoko kwenye kibali changu, na mi nilihama mwezi wa tano. Nilibadilisha anwani benki, kazini, kwenye bima, nikasahau kwamba uhamiaji ni kitu kingine na hii ofisi inachukua anwani kutoka kwao. Barua iko kwenye sanduku la nyumba niliyohama

Baraka: doh. Hiyo inatupata wengi sana. Mtu unadhani ukimwambia mmoja wote wamejua

Anko Idi: Sasa hapohapo ulipo, kabla hujarudi nyumbani, nenda uhamiaji ukabadilishe anwani. Kadi nayo wataituma kwa posta?

Mwanaisha: Ndio. Nimeshauliza anko, nimeandika anwani mpya kwa mkono kwenye fomu na yule dada ameiingiza nikiwa naona kwenye kioo cha kompyuta yake. Namba ya chasis nimemsomea mimi, yeye akanisomea tena. Amegonga muhuri kwenye nakala yangu. Amesema kadi inachapishwa siku 7 mpaka 10 za kazi. Uhamiaji niko njiani naenda, wanafunga saa tisa

Neema: 😭😭 jamani afadhali

Hamisi: na pleti za muda?

Mwanaisha: Haziongezwi. Nimezirudisha wamezichukua. Naweza kuomba nyingine ila nalipa upya na ukaguzi wanataka kuona gari, nimeona nisubiri tu

Shangazi Tatu: Kwa hiyo gari limebaki bila pleti? Liko wapi?

Mwanaisha: Liko kwenye maegesho ya jengo shangazi, nimeuliza mwenye nyumba kwa maandishi amekubali. Barabarani wangeliburuta

Mama: Na zamu ya usiku utaendaje siku hizo zote?

Mwanaisha: Basi la saa nne ndo la mwisho mama, nitakuwa nafika kazini mapema nakaa chumba cha mapumziko mpaka muda wangu. Kurudi asubuhi mabasi yapo

Mama: Kutoka kituoni mpaka kazini kuna taa?

Mwanaisha: Zipo, ni dakika 6

Mama: Hizo dakika 6 unipigie. Hata nikiwa nimelala unipigie