Mlinzi hana mpira, kaziba beisi ya tatu, halafu auti, yaani kutolewa, anapewa mkimbiaji wetu!

Wakuu, nina hasira na sitazificha. Wanaochezesha softiboli humu, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia vituo vinavyoitwa beisi, naomba msome mpaka mwisho.

Mechi yetu ya juzi, dada yetu yuko beisi ya kwanza. Mpira unapigwa chini, unapenya mpaka uwanja wa nje kulia. Anapita ya pili bila kupunguza mwendo, anaelekea ya tatu. Mlinzi wa tatu kasimama mbele ya beisi, mguu katikati ya njia, glovu iko juu anausubiri mpira uliorushwa. Mpira bado uko hewani! Dada anafunga breki asimvae, anazunguka kwa nje, na hapo ndipo mpira unafika. Anaguswa kwa mpira. Auti.

Kocha wetu akaenda kuuliza kwa adabu kabisa. Mwamuzi akajibu, "Hawakugusana, na mlinzi alikuwa anakaribia kudaka."

Majibu yote mawili ni makosa. Kuzuia, yaani kosa la mlinzi kumzibia mkimbiaji njia, hakuhitaji kugusana. Mkimbiaji akilazimika kupunguza mwendo au kubadili njia kwa sababu ya mlinzi asiye na mpira, tayari amezuiwa. Hata kujifanya unamgusa mkimbiaji na glovu tupu ni kuzuia. Hilo la "anakaribia kudaka" ndilo linaloniudhi zaidi, maana zamani vitabu vya sheria vilimlinda mlinzi wa namna hiyo, vikabadilishwa. Siku hizi ama mpira uko mkononi mwako, ama unampisha mwenzako.

Nadhani watu wanachanganya mpira uliopigwa na mpira uliorushwa. Mlinzi anayeufuata mpira uliotoka kwenye gongo ana haki ya njia, na mkimbiaji ndiye wa kumkwepa. Ila mpira ukisharushwa na mlinzi mwenzake, haki hiyo haipo. Anayeusubiri asimame pembeni, mkimbiaji aione beisi, kisha aingie mpira ukiwa kwenye glovu. Mdakaji wa beisi ya nyumbani naye ni hivyo hivyo, vifaa vyake vya kujikinga havimpi ruhusa ya kujenga ukuta.

Mwamuzi alitakiwa kunyoosha mkono wa kushoto pembeni, ngumi imefumbwa, kuonyesha kuna kuzuia, na kuacha mchezo uendelee. Dada alipoguswa, mpira ungekufa palepale, yaani mchezo ungesimama, na yeye angepewa beisi ya tatu, kwa sababu angefika bila kizuizi. Aliyezuiwa kati ya beisi mbili hatolewi kati ya hizo mbili, labda afanye kosa lake mwenyewe, mfano kumpita mkimbiaji aliye mbele yake.

Na sidai zawadi. Kuzuiwa hakumaanishi kila mara unasogezwa mbele. Unapewa beisi ambayo kwa maoni ya mwamuzi ungeifikia, na pengine ni ileile uliyotoka. Ukiamua kukimbia kupita hapo, shauri yako.

Dada yetu alifunga breki kwa sababu hakutaka kumvunja mtu mguu. Ameniuliza, "Kwa hiyo next nimvae?" Sikuwa na jibu la kumpa. Ninyi waamuzi mlioko humu, mngemjibu nini?